Keria ya juu, mwendo na mafuta: hewa inavyokula nguvu ya gari

Swali: Nina Toyota Noah ya cc 2000, otomatiki. Mara mbili kwa wiki napeleka mabeseni na ndoo za plastiki kutoka Mwanza hadi Musoma, na mzigo mwingi unakaa juu kwenye keria. Tangu nifunge hiyo keria, mafuta ya safari yamepanda sana, ingawa nikiwa mjini sioni tofauti. Barabara ikiwa nyeupe natembea 100 hadi 110. Fundi anataka nibadilishe plagi na sensa ya oksijeni. Mume wangu anasema ni keria. Nani yuko sahihi, na nifanye nini bila kuacha biashara? Pia, njiani ni bora kufungua madirisha au kuwasha kiyoyozi? – Msomaji, Buzuruga.

Jibu: Dada, mumeo yuko sahihi, ila hajamaliza. Keria iliyojaa inakula mafuta, na mwendo unaotembea nao ndio unaoipa keria hiyo meno. Fundi naye hajasema uongo, kwa sababu plagi zilizochakaa au sensa ya oksijeni iliyokufa (ile inayopima moshi ili injini ijue kiasi cha mafuta cha kupuliza) huongeza kweli ulaji wa mafuta. Lakini ubovu wa aina hiyo hauchagui barabara. Ungeuona hata kwenye foleni ya Mabatini. Umesema mwenyewe kwamba mjini hakuna tofauti. Kinachopanda barabara kuu na kupotea mjini ni hewa, na dawa ya hewa haiuzwi dukani kwa vipuri.

Gari likitembea kwa mwendo usiobadilika kwenye barabara tambarare, injini inapambana na vitu viwili vikubwa. Kimoja ni tairi, ambazo zinabonyea na kurudi kila zinapozunguka. Ukinzani wake unategemea uzito wa gari na upepo uliomo ndani ya tairi, na haubadiliki sana kwa mwendo. Gari lenye jumla ya kilo 1,800, pamoja na watu na mzigo, kwenye lami nzuri linahitaji kusukumwa kwa kani ya newtoni 210 hivi ili tu tairi ziendelee kuzunguka. Newtoni 10 ni kama uzito wa kilo moja mkononi, kwa hiyo hizo ni sawa na kilo 21.

Kitu cha pili ni hewa, na hapa ndipo watu wanapokosea kwa sababu hewa haionekani. Mwanza iko juu: uso wa ziwa uko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Kwenye joto la nyuzi 28, mita moja ya ujazo wa hewa yetu ina uzito wa kilo 1.03 hivi (Dar es Salaam ingefika 1.16). Uso wa mbele wa Noah ni karibu mita 2.8 za mraba. Kwa mwendo wa 100 gari linasogea mita 28 kila sekunde moja. Zidisha hizo tatu: kila sekunde inayopita, gari lako linakutana na hewa ya kilo 80 inayotakiwa kupisha.

Ugumu wa kuipisha unategemea umbo. Wahandisi wana namba ya umbo, ambayo kwa magari madogo ya chini huwa karibu na 0.30 na kwa magari ya kisanduku hupanda. Kwa makadirio haya nimechukua 0.34. Hesabu ni hii: nusu ya uzito wa mita moja ya ujazo wa hewa (ile kilo 1.03), mara eneo la uso, mara namba ya umbo, mara mwendo, mara mwendo tena (mwendo ukiwa katika mita kwa sekunde). Jibu linakuja katika newtoni. Tazama hapo mwendo umeingia mara mbili, na humo ndimo mafuta yako yanamopotelea.

Noah bila keria, kwa 60 hewa inadai newtoni 136, yaani chini ya tairi. Kwa 80 ni 241, hewa imeshazipita tairi. Kwa 100 ni 377. Kwa 120 ni 543. Kutoka 80 hadi 100 umeongeza mwendo kwa robo tu, lakini ukinzani wa hewa umepanda kwa asilimia 56.

Nguvu inayotakiwa kwenye magurudumu inapanda kwa kasi zaidi, kwa sababu unasukuma kani kubwa zaidi na unaisukuma upesi zaidi. Hewa na tairi pamoja zinahitaji kilowati 10 kwa mwendo wa 80, kilowati 16 kwa 100 na kilowati 25 kwa 120. Ndiyo maana gari linalopanda mpaka 80 bila shida linaanza kuwa zito likikaribia 130. Huku kwetu kuna jambo jingine: injini isiyo na tabo inavuta hewa ileile nyepesi, hivyo nguvu yake ya juu inapungua kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na pwani. Hewa nyepesi inakusaidia kidogo mbele ya gari na kukunyima kidogo ndani ya injini.

Hapa nisahihishe jambo linalosemwa sana vijiweni. Ni kweli kwamba mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kupambana na hewa inazidi mara nane. Lakini mafuta unayachoma kwa kilomita, na kwa mwendo huo kila kilomita inaisha kwa nusu ya muda. Kwa hiyo mafuta ya kupambana na hewa kwa kila kilomita yanazidi mara nne, si mara nane. Hata hizo nne hazionekani zote kwenye pampu, kwa sababu injini ya petroli inayofanya kazi nyepesi hupoteza sehemu kubwa ya mafuta kwenye msuguano wake na katika kuvuta hewa kupitia njia iliyobanwa. Ikibebeshwa kazi zaidi, kila lita inatumika vizuri kidogo. Ndiyo sababu mzigo wa hewa ukipanda kwa asilimia 50, mafuta hupanda kwa 20 au 25.

Sasa tuje kwenye keria yako. Mabeseni na ndoo ni mzigo mwepesi lakini mkubwa wa umbo, na hiyo ndiyo aina mbaya kuliko zote kuweka juu. Ukipanga furushi la upana wa mita 1 na urefu wa kwenda juu wa nusu mita, umeongeza nusu mita ya mraba ya uso, na uso wenyewe ni butu. Hewa iliyokuwa imepanda kwenye kioo cha mbele na kuanza kuteleza juu ya paa inagonga ukuta, inajigawa, halafu inaacha vurugu nyuma ya furushi. Nikilihesabu hilo, ukinzani wa hewa wa gari zima unapanda kwa karibu nusu: kwa mwendo wa 100 unatoka newtoni 377 hadi kama 556. Gari lililokuwa likitumia lita 9 hivi kwa kilomita 100 linasogea kwenye 10 na nusu au 11. Kwa 110 ni mbaya zaidi.

Makadirio haya hayako mbali na takwimu ambazo serikali ya Marekani huwapa madereva wake: sanduku kubwa butu juu ya paa hupunguza umbali unaokwenda kwa lita moja kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, 6 hadi 17 barabara kuu, na 10 hadi 25 kwa mwendo wa kilomita 105 hadi 120 kwa saa. Linganisha na ulichoandika: mjini huoni kitu, njiani unaumia.

Kwa nini mjini hakuna tofauti? Kwa 50, hewa inadai newtoni 94 tu. Lakini kila unapopandisha gari la kilo 1,800 hadi 50 kisha ukafunga breki, umetupa nishati ambayo ingetosha kupambana na hewa kwa karibu kilomita mbili za mwendo huohuo. Barabara ya Nyerere wakati wa jioni, ukisimama na kuondoka mara nyingi, kinachokula ni uzito na breki. Hewa haina nafasi hapo.

Katika kurekebisha, anza na mwendo, maana haukugharimu hata shilingi. Ukiwa na keria iliyojaa, shuka hadi 80. Hewa inarudi kwenye newtoni 356, chini kidogo ya ile ya gari lisilo na keria likitembea 100. Yaani kwa 80 na keria, hewa inakudai kama unatembea karibu 100 bila keria. Chukua kilomita 150 za barabara wazi kati ya Kisesa na Musoma, ukiondoa vijiji na matuta: kwa 100 zinakuchukua dakika 90, kwa 80 ni dakika 112. Unapoteza dakika 22, unaokoa karibu lita 3 kwenda, na kurudi kama bado una mzigo juu ni hivyohivyo. Hata vijijini unapata faida. Kushuka kutoka 100 hadi 50 ukiingia Magu au Lamadi, gari linatupa nishati ambayo ingelisogeza, bila keria, karibu kilomita nzima. Kushuka kutoka 80 ni nusu ya hapo. Ukiona kibao cha kijiji kwa mbali, inua mguu mapema na uache gari kwenye D. Injini za sasa zenye kupuliza mafuta kwa umeme hukata mafuta kabisa mguu ukiondoka na gari likiwa kwenye gia. Ukiweka N, injini inaanza tena kunywa ili isizimike.

Cha pili ni upangaji, na hapa kuna akiba ambayo wafanyabiashara wengi hawaijui. Beseni lililoelekeza mdomo mbele linakamata hewa. Bakuli la nusu duara likitazama upepo kwa upande wake wazi, namba yake ya umbo ni kama 1.4, likigeuzwa mgongo uutazame upepo inashuka hadi 0.4 hivi, chini ya theluthi. Kwa hiyo ndoo zilizopachikana zilaze kwa urefu wa gari, matako mbele, midomo nyuma. Mabeseni yaingiliane na yafunikwe kifudifudi. Panga kwa kwenda nyuma badala ya kwenda juu: safu mbili fupi zenye urefu wa mita mbili ni bora kuliko mnara wa safu nne. Mbele ianze chini, ipande taratibu. Kisha funika na turubai na ulikaze kotekote, hasa kona za mbele. Turubai linalopigapiga linakula nguvu, linakatika, na kamba yake ikiachia linaweza kumfunika dereva wa nyuma yako.

Kilichobaki kiingize ndani. Ukikunja viti vya nyuma vya Noah, unapata nafasi ambayo hewa haiijui kabisa.

Kingao cha mbele ya keria kinasaidia: kipande cha plastiki ngumu au bati la alumini, upana sawa na keria, kimelazwa mshazari kuelekea nyuma kama nyuzi 30, ukingo wa chini ukikaribia paa bila kuligusa. Kinapunguza na mluzi wa hewa kwenye keria. Lakini kifungwe kwa bolti na nati zenye kufuli, si kwa waya. Kipande cha bati kikichomoka kwa mwendo wa 90 kinaweza kumuua mwendesha pikipiki. Kama huna fundi wa kukifunga hivyo, kiache.

Na ukirudi mtupu, keria ishuke. Najua ni usumbufu. Hata keria tupu, hasa zile za kikapu zenye fito nyingi za mviringo au za pembe nne, inaendelea kudai sehemu yake kila kilomita, na kelele unayoisikia juu ya kichwa ni nishati iliyotoka kwenye tangi lako. Keria nyingi zinashikwa na vibano vinne. Ukivipaka grisi, na spana ikikaa garini, ni kazi ya dakika chache. Uangalie pia kitabu cha gari kuhusu uzito unaoruhusiwa juu ya paa: kwa magari mengi madogo ni kati ya kilo 50 na 100, na uzito wa keria yenyewe umo humo.

Kuhusu upepo wa ziwa, upange safari kwa kuuheshimu. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, na upepo unavuma kutoka ziwani kuja bara. Ukienda Musoma ziwa liko kushoto kwako karibu njia nzima, kwa hiyo alasiri upepo unakupiga ubavuni, na baada ya Lamadi unakuja na mbele kidogo. Hewa haijali spidi ya dashibodi. Inajali jinsi gari linavyokutana nayo. Ukitembea 100 dhidi ya upepo wa kilomita 20 kwa saa, hewa inakudai kama unatembea 120: newtoni 543 badala ya 377. Upepo wa ubavuni nao unaongeza ukinzani, maana unalikuta gari upande wake mpana. Ukiondoka saa 12 asubuhi hewa huwa imetulia zaidi. Na siku ukipeleka mzigo Sengerema au Geita kupitia daraja la Kigongo–Busisi, kumbuka kuwa ni kilomita 3 za wazi juu ya maji. Mnara wa plastiki juu ya paa unalisukuma gari pembeni, hivyo punguza mwendo kabla hujafika juu ya maji na ushike usukani kwa mikono miwili.

Kuna wanaokwepa hewa kwa kujificha nyuma ya basi au lori la Sirari. Ni kweli hewa ya nyuma ya lori imeshapasuliwa. Lakini ili upate faida ya maana unatakiwa umkaribie kiasi kwamba akifunga breki huna nafasi ya kusimama. Usifanye, hata kwa kilomita moja.

Madirisha na kiyoyozi: kompresa ya kiyoyozi inachukua kilowati 1 hadi 3 kutoka kwenye injini, kutegemea joto, na haijali uko mwendo gani. Madirisha wazi yanaharibu mkondo wa hewa ubavuni mwa gari, na gharama yake inapanda pamoja na mwendo. Kwa 50 hewa yote inadai kilowati 1.3 tu, kwa hiyo hata madirisha yakiiongeza kwa asilimia 10 hayafiki popote karibu na kompresa. Mjini fungua madirisha. Kwa 100, asilimia hiyohiyo 10 ni kilowati moja, na tofauti inakaribia kuisha. Hapo chagua kinachokufanya uendeshe ukiwa macho. Njia ya kati ni madirisha kufungwa, feni kuwashwa, na kiyoyozi kuwekwa kwenye baridi ya wastani. Kwa 80 asubuhi mapema, huenda usikihitaji kabisa.

Vipo vitu vidogo vinavyosahaulika. Chunguza kava ya plastiki ya chini ya injini: mafundi wengi huitoa wakati wa kubadilisha oili na hawairudishi, au inarudi na skrubu mbili inaning'inia. Inasaidia hewa ya chini ipite bila kugonga kila chuma, na inazuia tope. Spesa za kunyanyua gari, tairi pana kuliko za kiwandani na ngao ya chuma mbele vyote vinaongeza ukinzani. Kama hupiti barabara mbovu, hazikusaidii. Upepo wa tairi upime asubuhi zikiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Na ukifika Bunda, shuka upitishe kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa: moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake inashika, na hilo linakula mafuta mjini na njiani.

Kabla ya kununua kipuri chochote, pima. Jaza tangi kwenye sheli moja, pampu ileile, mpaka ikate yenyewe mara ya kwanza, usiongezee. Sifurisha kihesabu safari. Nenda Musoma urudi, kisha jaza palepale kwa namna ileile. Gawa lita kwa kilomita, zidisha kwa 100. Kwenda na kurudi ni lazima, maana kunapunguza makosa ya upepo na miinuko. Fanya safari moja kwa 100, nyingine kwa 80 na mzigo uleule, na ya tatu bila keria.

Ukitaka jibu la haraka zaidi kuhusu hewa peke yake, tafuta kipande cha barabara kilichonyooka, tambarare na kisicho na magari. Fika 105, weka N, na abiria (si wewe) apime kwa simu sekunde za kushuka kutoka 100 hadi 80. Geuza, rudia upande wa pili, chukua wastani. Kwa hesabu zangu Noah bila keria ingechukua sekunde 19 hivi, na yenye furushi la juu 15. Gari lako litatoa namba fupi kidogo kwa sababu giaboksi nayo ina msuguano. Unachokitafuta ni tofauti kati ya hizo mbili. Injini isizimwe hata kidogo wakati wa jaribio: breki na usukani vitakuwa vigumu, na pampu ya giaboksi ya otomatiki itaacha kusukuma oili. Ukipata sekunde zilezile ukiwa na mzigo na ukiwa huna, basi nimekosea kuhusu gari lako.

Rudi kwa fundi ikiwa safari ya 80 bila keria bado inazidi lita 10 kwa kilomita 100, ikiwa taa ya injini inawaka, ikiwa unasikia harufu ya petroli au bomba linatoa moshi mweusi. Hata hapo mwombe asome kwanza kwa mashine namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari na azifungue plagi uzione. Plagi nyeusi yenye masizi makavu inaonyesha mafuta mengi kupita kiasi, na sensa inakuwa miongoni mwa washukiwa. Zikiwa na rangi ya kahawia nyepesi na pengo lake liko sawa, zirudishe palepale.